Msiba wa Nyumba ya Mama

Mama yangu ana kichwa kigumu, na mimi nimekirithi chote, kwa hiyo tukikosana sisi wawili jirani huhamisha vigoda vyao. Mwaka ule mto ulipopanda Korogwe tulikosana kwa sababu ya neno. Si shamba, si urithi, si mtoto wa nani kampiga mtoto wa nani. Neno moja tu, tena la Kiswahili safi. Na kwa ajili ya neno hilo mama alikaribia kung'olewa Masuguru na kupelekwa Dar es Salaam, mji ambao kwake ni mahali pa kwenda kutibiwa na kurudi.

Mimi naishi Misima, upande wa Handeni, ndiko nilikoolewa. Nalima mahindi, nafuga kuku, na nasema sana, mume wangu ni shahidi. Mama ni mzaliwa wa Kang'ata, Mzigua wa baba na mama, ila baba alimchukua akiwa bado msichana akamjengea Masuguru, upande wa chini, ambako udongo ni mweusi na mchicha huota hata kama hujaupanda. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, bati juu, uwanja mbele uliofagiliwa kila alfajiri mpaka ukang'aa. Baba alishafariki zamani. Sisi watoto tuko wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa, mwenye duka la vipuri vya magari Dar es Salaam na nyumba yenye vigae vinavyoteleza.

Maji yalikuja mchana watu wanaona, alhamdulillah. Milimani Usambara mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika, mto ukajaa, ukaacha njia yake ukaingia mitaani. Mama alitoka na mbuzi wake, redio yake na msahafu, akaenda kukaa kwa jirani wa upande wa juu. Maji yalikaa ndani ya nyumba siku kadhaa, yanalamba udongo taratibu, na yalipoondoka kuta zote zilikuwa zimelala chini. Bati lilibaki juu limeshikiliwa na nguzo za pembeni.

"Nyumba imebaki kofia," mama aliniambia kwenye simu. "Kichwa kimekwenda na maji."

Barabara ilipopitika nikaja mbio. Nilimkuta anafagia uwanja wa nyumba isiyokuwepo. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba, akaendelea kufagia. Nikamnyang'anya ufagio, akaupokonya. Hapo nikajua mama yangu ni mzima.

Kaka naye hakuchelewa kupiga simu. Kaka husema mambo ya familia namna anavyofunga duka, kufuli na kwaheri. "Mwisho wa mwezi nakuja," alisema. "Nikikuta nyumba ina kuta, mama atabaki. Nikikuta hakuna, anapanda gari na mimi. Masika ikimkuta chini ya bati lisilo na ukuta, kifua kitamuua, na mimi sitaki kumzika mama yangu kwa uzembe."

Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, mama akasikia yote. "Dar es Salaam nikakae na nani?" aliuliza. "Mkewe kazini, wajukuu shuleni. Mimi nibaki naangalia vigae?"

Kuja kwangu Misima hakutaka hata kulisikia. Kulala nyumba ya mkwe, mwanamume aliyemtolea mahari mwanao, ukohoe usiku akusikie, kwake hiyo ni aibu ya kumfanya mtu ahame wilaya. Kwa hiyo njia zilibaki mbili, kuta au Dar es Salaam. Mimi sina uwezo wa kusimamisha nyumba peke yangu, na jirani zetu wa Masuguru wote walikuwa wanaanika magodoro.

Basi msaada ukaja. Lori la shirika moja lilifika shule ya msingi limebeba maturubai, ndoo, mablanketi, vyandarua, masufuria, misumari na mbegu za mahindi, na ikatangazwa kwamba kaya iliyobomokewa itapewa pia fito na nguzo kadiri zitakavyopatikana. Moyo wangu ukatua. Nikamwambia mama ajitande kanga, twende.

Gari dogo la shirika lilikuwa linazunguka mitaani na spika juu. Ndani alikuwa binti mmoja mwenye kizibao, sauti nzuri, Kiswahili cha redioni. "Waathirika wote," akasema, "waathirika wote wa Masuguru, mnaombwa mfike shuleni mkajiandikishe. Kila muathirika aje mwenyewe. Ukishaandikwa muathirika utapewa msaada wako."

Mama alikuwa ameshainuka. Akakaa tena.

"Siendi," akasema.

Nikadhani miguu inamuuma. Nikamwambia nitamtafutia bodaboda. Akasema haendi kwa miguu wala kwa pikipiki. Nikamwambia kiburi hakisimamishi ukuta. Akaniambia adabu yangu imesombwa na mafuriko. Tukaendelea hivyo, sauti zinapanda, jirani mwenye nyumba akatoka taratibu na kigoda chake. Mwishowe mama akanitazama usoni, na sauti yake ikashuka.

"We binti, mimi unanijua muathirika?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Kwa kijana wa leo inabidi nieleze. Ule ugonjwa ulipoingia kwetu, watu waliogopa kuutaja, wakatafuta neno la adabu, wakasema muathirika. Likabaki na maana hiyo tu. Ukisema fulani muathirika, hakuna aliyeuliza ameathirika na nini, watu walitikisa kichwa na kuhesabu nani kala naye sahani moja. Na baba yangu alikufa kwa kifua kikuu. Alikohoa, akakonda, akaisha, na mtaa ukatoa hukumu bila kumuuliza daktari. Wanawake waliokuwa wakipita kunywa maji kwetu wakaanza kupita na chupa zao. Mama akaitwa hivyo kisogoni miaka na miaka, mjane wa yule, na yeye mwenyewe naye ndiyo hivyo.

"Nilipima nikawa mzima," mama akaniambia siku ile. "Sasa cheti nimwonyeshe nani? Nitembee nacho sokoni? Na wenye nao siwasemi vibaya. Jirani yangu wa nyuma anameza dawa kila siku na ana nguvu kunishinda, tunapikiana. Lakini mimi nilivishwa gauni si langu, nikalivaa mpaka likachakaa lenyewe. Leo nikajivishe kwa mkono wangu, tena kwa spika, kwa ajili ya turubai?"

Niliona uchungu. Nilikuwa msichana mdogo wakati ule wa chupa za maji, na sikuwahi kujua kwamba mama alikuwa anazihesabu.

Uchungu wangu haukai sana, hugeuka hasira. Nikaenda shuleni kumtafuta yule binti wa spika. Nilimkuta kwenye baraza ya darasa la pili, anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki, amechoka. Nikamwambia neno lake limemfukuza mama yangu.

"Mama, ndilo linalotumika," akasema kwa heshima.

"Limetumika sana," nikamjibu. "Ndiyo maana limechafuka."

Nikamweleza yote. Akaweka kikombe chini. Alikuwa mtoto wa mjini, lakini mwenye masikio. "Basi nimwiteje?" akauliza. "Mhanga wa mafuriko?"

"Mhanga kwetu ni mnyama anayechimba mashimo usiku. Mama akisikia umemwita mhanga atakufuata na mwiko."

"Mlengwa?"

"Analengwa na nini, bunduki?"

Akacheka mpaka akashika kiuno, na mimi nikacheka, hasira ikaniishia kabla sijaimaliza. Lakini kucheka hakukutupa turubai. Utaratibu wao ulikuwa mwenye nyumba afike au aonekane mwenyewe na akubali mwenyewe kwamba anapokea. Mimi sikuruhusiwa kupokea kwa niaba yake. Nikarudi mikono mitupu, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja.

Aliyetuokoa ni mtani wa mama.

Mtani huyu ni mama wa Kisambaa kutoka juu, upande wa Soni, Mkristo, anayeshusha kabichi na karoti soko la Korogwe tangu enzi za usichana wao. Wapo watakaokwambia Mzigua na Msambaa ni ndugu, si watani. Nawaachia ubishi huo. Mama na huyu mwenzake wametukanana sokoni tangu kabla sijazaliwa, hakuna aliyewahi kukasirika, na sisi watoto tulimwita Mtani hata tukasahau kwamba ana jina. Mtani ana ruhusa. Anaingia jikoni kwako, anafunua chungu chako, anakwambia hujui kupika huku anakula. Ukimkasirikia, mjinga ni wewe.

Alikuja alasiri na kapu la karoti kichwani. Watu wote walikuwa wanatupa pole tangu maji yaondoke. Yeye hakutoa pole. Alisimama uwanjani, akalitazama bati lililobaki hewani, akasema, "Nasikia mwaka huu Wazigua wameogeshwa bila kupenda."

Mama aliinua uso. "Kaoga nani kwanza? Wewe unayeogopa maji ya baridi tangu ubatizwe?"

"Handeni nzima imejaa waganga," Mtani akaendelea, anatua kapu. "Mnafunga simba, mnafunga nyuki, mnafunga waume za watu. Mkashindwa kuufunga mto mmoja?"

"Mto gani? Maji yametoka milimani kwenu. Ninyi mmeoga, mkamwaga beseni, likatufikia sisi. Nyumba yangu mmeiua ninyi."

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mafuriko, na mimi nikageuka pembeni nikajifanya namtafuta mbuzi.

Wakakaa kwenye mkeka, wakatafuna karoti, na mama akamweleza mwenzake habari ya spika, ya lile neno, ya kaka na kufuli yake. Alimweleza kwa kirefu kuliko alivyonieleza mimi. Mtani hakumkatiza. Mama alipomaliza, Mtani akafuta mikono kwenye kanga.

"Sasa hii nyumba," akasema, "umesema imekuwaje?"

"Mmeiua."

"Imekufa. Mmeizika?"

Mama akamtazama.

"Kumbe mna maiti uwanjani siku zote hizi, halafu mnazozana na watu wa spika," Mtani akasema. "Nijibu wewe msomi wa madrasa. Mtu aliyeondokewa anaitwaje?"

"Mfiwa."

"Mfiwa akiletewa rambirambi, anakataa?"

Mwenye msiba hakatai, hilo kila mtu analijua. Awe tajiri, awe na kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia, siku ya msiba atakaa kwenye mkeka na watu wataleta walicho nacho, na yeye atasema ahsanteni. Hata yeye mama amebeba unga kupeleka misibani kwa watu asiowapenda. Hakuna anayeiita sadaka, na hakuna anayepanga foleni kuipokea. Inakufuata ulipo.

"We Msambaa una akili," mama akasema mwishowe. "Basi tu huogi."

Kwa kuwa mama ni mtu wa dini, alinituma kwanza kwa imamu wetu kuuliza kama inafaa. Imamu alicheka mpaka akashika kofia. Akasema kujengeana nyumba ni thawabu wala hakuna haja ya kuuliza, ila nyumba isisomewe dua ya maiti, na asilie mtu kwa uongo akazidisha. "Na chakula mnikumbuke," akasema.

Jioni ile habari ikatembea Masuguru yote kwamba keshokutwa kuna maziko ya nyumba. Mtani alipanda kwao kuwakusanya watu wake. Mimi nikapita shuleni nikamwambia yule binti, akaniuliza mara mbili kama nasema kweli, kisha akasema atakuja. Nikapiga simu Misima, mume wangu akasema ataleta kamba za mkonge na vijana. Siku iliyofuata nikamkumbuka kaka. Simu yangu ilikuwa imebaki na chaji ya kupumulia, umeme wa mtaa mzima ulikuwa bado haujarudi, nikaandika haraka haraka: *Kaka msiba nyumba ya mama. Maziko kesho asubuhi.* Nilitaka kuongeza kwamba aje na misumari ya bati, simu ikazima mkononi. Nikajisemea ataelewa, mtu mzima yule.

Asubuhi ya maziko watu walijaa. Majamvi yalitandikwa, turubai la kuazima likafungwa kwenye mpapai na nguzo ya umeme, wanawake wakainjika masufuria makubwa, wanaume wakakaa kwenye mabenchi wanatazama chini kama desturi. Mama alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, kanga imemfunika kichwa hadi puani. Kila aliyekuja alimpa mkono, akasema pole, mama akasema tumeshapoa. Na kila aliyempa mkono aliacha kitu: huyu fito, huyu ndoo ya unga, huyu jembe la kuazimisha, yule jirani wa nyuma mwenye nguvu kuliko mama akaacha mlango mzima wa mninga uliookolewa kwake. Mama akasema ahsanteni. Sikumsikia akikataa hata kimoja.

Halafu fuso likaingia kutoka milimani limebeba nguzo za mikaratusi na kabichi, na juu ya nguzo wamekaa Wasambaa wanaomboleza. Waliomboleza vizuri sana. Walilia nyumba iliyokuwa imepinda tangu ilipozaliwa, nyumba ya Mzigua aliyejenga bondeni kwa kuogopa kupanda mlima, nyumba iliyokufa kwa kukosa kuogeshwa mapema. Mabega ya mama yalikuwa yanatikisika chini ya kanga. Wanawake wasiojua wakadhani analia, wakampapasa mgongo.

Wanaume wakachukua majembe na kuchimba kaburi. Kaburi lenyewe ni shimo la udongo. Ukijenga nyumba ya miti na udongo lazima uchimbe pembeni, utoe udongo wa kukandika, uulowanishe, uukanyage mpaka ulainike. Shimo lilipofika kiunoni Mtani akapanga kanga yake vizuri, akashuka ndani, akakaa. Akasema haondoki. Ndivyo watani wanavyofanya kwenye makaburi ya kweli, wanaingia wanakaa, mazishi yanasimama mpaka walipwe. Wachimbaji wakambembeleza, akadai kuku. Wakampa kabichi yake mwenyewe, akaitupa nje. Ikabidi nitoe jogoo niliyemleta Misima kwa ajili ya imamu, ndipo akakubali kuinuliwa, na walioinua walilalamika uzito.

Katikati ya hayo gari la shirika likafika. Binti wa kizibao alishuka amejifunga kanga juu ya suruali, amejitanda kichwa, akasimama hajui ashike nini. Mtani, tope mpaka magotini, akamnong'oneza sikioni. Binti akaja mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti mbele ya mama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Poleni sana kwa msiba."

"Tumeshapoa. Ahsante kwa kuja."

"Tumeleta rambirambi," binti akasema, na vijana wake wakashusha turubai, mablanketi, misumari, ndoo na mbegu, wakaviweka pale pale na vya wengine, kabichi upande huu na mbegu upande ule. Mama akapokea kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Nilimtazama usoni. Hakuwa muathirika wa mtu.

Yule binti, Mungu ambariki, hakuishia hapo. Alirudi garini akachukua spika, akasema pale barabarani, taratibu, "Wafiwa wengine waliofiwa na nyumba, tuonyesheni tuje tuwape pole." Kisha bibi mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu akafungua mlango wake ulioegemezwa na mti. Mwingine akatoka nyuma ya mgomba. Wengine wakasimama kutoka mle mle kwenye majamvi yetu. Walikuwa wazee watupu, wanawake wa umri wa mama, wajane wengi wao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda shuleni kujiandikisha. Mama aliteremsha kanga akawatazama wenzake. Miaka yote ile alidhani ni yeye peke yake.

Mchana nguzo zilikuwa zimesimama. Vijana wa Misima na wa milimani walishindana kufunga fito kwa mkonge, kila upande unasema wenzao wanafunga mafundo ya kike. Udongo ukamwagiwa maji, watu wakavua viatu wakaanza kukanyaga. Ingetuchukua siku nzima na nyingine za kumalizia, lakini hakukuwa na mashaka tena, kuta zingesimama. Nilikuwa napakua ugali nikiimba kabisa.

Ndipo ikaja bodaboda kwa kasi, na mtu akashuka kabla haijasimama. Kaka yangu. Shati la ofisini, mfuko wa nailoni kifuani. Alitazama turubai, majamvi, masufuria, wanaume wenye majembe pembeni ya shimo. Akaanguka magoti katikati ya uwanja, akalia.

Sijawahi kumsikia kaka akilia, hata baba alipokufa. Alilia kwa sauti ya mtoto. Alisema mama nisamehe, nilikuwa nakuja mwisho wa mwezi, mama ungenisubiri. Wasambaa walimtazama kwa heshima, kisha mmoja akaanza kupiga makofi, akasema haya jamani, mfiwa hasa ndiye huyu, sisi tulikuwa tunacheza. Watu wakashangilia. Mimi nilibaki na mwiko hewani, nikaukumbuka ujumbe wangu.

"Nani kafa huko?" mama akauliza, akafunua uso.

Kaka aliinua kichwa. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akamtazama mama tena. Akatambaa kwa magoti mpaka kwenye mkeka, akamshika miguu, akaishika tena kuhakikisha. Aliposhika ndipo alipoweza kusema kwamba alikuwa ananipigia usiku kucha, simu haipatikani, na kwa jirani inaita haipokelewi, akapanda basi la kwanza. Nilisogea nyuma ya sufuria kwa usalama wangu. Lakini hakuwa na nguvu ya kunigombeza.

Mama aliuvuta ule mfuko wa nailoni akaufungua. Ndani mlikuwa na sanda, mpya, imekunjwa, na karafuu maiti na marashi. Mama akaipapasa ile sanda kwa vidole, akaivuta kidogo kuona uzito wake, namna anavyopima kanga dukani.

"Kitambaa kizuri," akasema. "Sasa niambie. Ungenizika wapi?"

"Mama, yaishe."

"Nimekuuliza. Umekaa kwenye basi tangu alfajiri, hukupanga?"

Kaka alifuta uso kwa mkono wa shati. "Hapa," akasema. "Nilipanga nikifika tu niwaambie, pembeni ya baba."

"Hukupanga kunipeleka Dar es Salaam?"

"Dar es Salaam kuna nani wa kwako, mama?"

Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu. Mama aliikunja sanda taratibu, akairudisha mfukoni, akaupapasa.

"Kwa hiyo nikifa mimi ni wa Masuguru," akasema. "Ni nikiwa hai tu ndiyo wa kwako."

Kaka aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Utabaki, mama." Akavua viatu vyake vya ngozi, akavipanga pembeni ya mkeka, akakunja suruali mpaka magotini, akaingia kwenye udongo pamoja na wengine. Akawa anakanyaga. Machozi yalikuwa bado hayajakatika, yanashuka tu, na hakuna mtani aliyemtania. Mtani mwenyewe alimsogezea maji ya kumwagia udongo.

Mama alinivuta mkono nikainama.

"Umemsikia alivyolia?" akaninong'oneza.

"Nimemsikia."

"Na mimi nimesikia," akasema. Akajifunika tena kanga, mabega yakatikisika, na safari hii hakuwa anacheka.